Chiriku Ajifunza Kuuliza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alitandika vitanda viwili, ingawa kimoja hakikuwa kimelaliwa na mtu. Alilinyoosha shuka la dada yake pembe kwa pembe, akaupigapiga mto, kisha akasimama kidogo akiutazama. Mama alimwona kutoka mlangoni, akaendelea kufagia. Dada alikuwa amekwenda mji wa mbali kusomea uuguzi, na tangu aondoke, chumba kile kilikuwa kimya kama darasa wakati wa likizo.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kwa sababu ya wingi wa maneno. Hata usingizini, bibi alisema, mtoto huyu anabishana na mto. Dada alikuwa mtu wa maneno machache. Ndiye aliyewafundisha wasichana wa mtaa mpira wa pete kwenye kiwanja cha nyuma ya karakana ya seremala. Siku ya kuondoka alimkabidhi mdogo wake mpira na kumwambia, "Watunze wenzako." Wasichana nao wakakubali Chiriku awe nahodha wao, wakiamini kwamba mdogo mtu atafuata nyayo za dada yake.

Chiriku alitaka sana kuwa kama dada. Tatizo ni kwamba alidhani dada alikuwa kiongozi kwa sababu ya kuamrisha. Basi akaamrisha. Kuanzia mwanzo wa mazoezi hadi mwisho, sauti yake ndiyo iliyosikika, mpaka seremala akasema msumeno wake sasa umepata mshindani.

Aliyekaripiwa zaidi ni mfungaji wao, msichana mpole aliyerefuka ghafla mwaka ule, wakamwita Mlingoti. Jioni moja alikosa pete mara tatu mfululizo.

"Mlingoti, hiyo mikono unaitumia kwa kazi gani?" Chiriku alipaza sauti mbele ya wote. "Dada angekuwepo angekutoa zamani."

Mlingoti aliuweka mpira chini taratibu, akavaa ndala zake, akaondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa yake waliokuja walikuwa wachache mno, hata timu haikutimia, na mechi dhidi ya wasichana wa mtaa wa pili ilikuwa imekaribia.

Jumapili dada alipopiga simu, Chiriku aliichukua kwa mama na kumwaga malalamiko yote. "Wamenigomea. Ni wavivu tu."

"Mlingoti amesema nini?" dada aliuliza.

"Hajasema kitu."

"Umemwuliza?"

Chiriku akaihamishia simu sikio la pili.

"Mimi sijui kwa nini ameondoka, na wewe hujui," dada alisema. "Anayejua ni yeye. Nenda kamwulize. Halafu, tafadhali mdogo wangu, usimjibie."

"Rudi basi. Hata wiki moja tu."

"Nina masomo," dada alisema kwa sauti ndogo. Wakaagana, na Chiriku akabaki ameishika simu sikioni ingawa haikuwa na mtu tena.

Alimkuta Mlingoti nyuma ya nyumba yao akiosha vyombo. Akachuchumaa, akachukua sufuria na kuanza kusuuza.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Na nataka kujua kwa nini uliondoka."

Mlingoti aliendelea kusugua sahani. Maneno yalimpanda Chiriku kooni kama kwikwi, akayameza. Yakapanda tena, akayameza tena. Hakuwahi kujua kwamba kunyamaza ni kazi nzito kuliko kuchota maji.

Mwishowe Mlingoti akasema, "Ukinipigia kelele, narusha mpira ili unyamaze. Hata pete siioni." Alisuuza sahani, akaiinamisha. "Na ulisema dada angenitoa. Dada alikuwa anabaki na mimi kila baada ya mazoezi. Ananiuliza, 'Leo mpira umeuhisije mkononi?' Basi, hilo tu, halafu ananisikiliza. Sasa hakuna anayeniuliza kitu. Nikipita pale kiwanjani, bado namtafuta kwa macho."

Chiriku aliinamisha kichwa. Siku zote alidhani hamu ile ya dada ni yake peke yake.

"Hata mimi," alisema. Wakaosha vyombo vilivyobaki. Kisha Chiriku akauliza, "Ungependa tufanyeje?"

"Nikishika mpira, niache nipumue. Na kosa langu niambie baadaye, tukiwa wawili."

Chiriku alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi wengine, na mmoja mmoja wakarudi.

Siku ya mechi Mlingoti alikosa mpira wa kwanza. Wasichana wote wakageuka kumtazama nahodha. Chiriku akauma midomo. Wakati wa mapumziko alimsogelea na kumwuliza pembeni, "Umeonaje?"

"Mpira unanifikia nikiwa mbali sana na pete."

Chiriku aliwaita wengine. "Tufanye nini mpira umfikie karibu?" Wakajibu kwa pamoja, kila mmoja na wazo lake. Kipindi cha pili mpira ulipita kwa wepesi, na Mlingoti akafunga, akafunga tena. Mechi iliisha kwa sare. Kwa kuwa mtaa wa pili ulikuwa ukiwafunga kila mwaka, walirudi nyumbani wakiimba kama washindi.

Dada alipopiga simu, Chiriku alimsimulia yote. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza tangu dada aondoke. "Na wewe, dada, huko unaishije?"

Dada alipoongea, sauti yake ilikuwa imelowa. Alisema masomo ni magumu, anakula peke yake, na kila jioni anaikumbuka kelele ya nyumbani. Chiriku alisikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza hata mara moja.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi akisikia. "Mwanangu," alisema simu ilipokatwa, "kupiga kelele kila mtu anaweza. Kiongozi ni yule anayeuliza, akasikiliza mpaka mwenzake amalize, ndipo akamsaidia. Kosa la mtu mwambie faraghani, sifa zake zitangaze. Kuuliza si ujinga, ni heshima."

Chiriku alikuwa na mengi ya kujibu. Badala yake alisogea karibu.

"Mama, na wewe unamkumbuka?"

Mama akampisha nafasi pembeni yake, akaanza kusema.