Makaushio Mabovu ya Baba Yasmin

Ukungu haujaondoka mlimani, Pili alikuwa ameshafagia nusu ya uwanja. Leo wageni wa serikali wanakuja Bigwa kuona kaushio la mumewe, Hatibu.

Hatibu ni seremala. Kila masika pilipili manga za wakulima wa mlimani huoza, kwa sababu jua halionekani. Basi anatengeneza sanduku la kuzikaushia hata siku ya mawingu. Ameomba ruzuku ya utafiti. Akikosa, amesema, atalivunja arudie kutengeneza vitanda.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na makaushio ya zamani. Moja liliungua. Jingine liliozesha pilipili, nazo zilikuwa bado humo. Pili akayaburuta kuelekea shimo la taka.

"Hodi! Shoga, mbona unazika asubuhi yote hii?"

Alikuwa jirani yao Juliana, afisa maendeleo wa kata.

"Nyamaza, dada. Naficha aibu ya Baba Yasmin."

"Yarudishe! Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

"Wageni waje waone takataka?"

"Sikiliza. Ruzuku si mkopo. Mkifuata masharti, hamrudishi. Lakini si zawadi ya kununulia kochi. Ni fedha ya kujaribu jambo ambalo bado halijulikani. Watauliza: mmejaribu nini? Kimeshindikana wapi? Mkiwaonyesha kizuri tupu, watajuaje kama mmetafiti?"

Hatibu alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni.

"Ulitaka kunisitiri, Mama Yasmin?"

"Sikutaka wakucheke."

Hatibu akatabasamu, machozi yakimlengalenga. Akashika upande mmoja wa sanduku, Pili akashika wa pili.

Wageni walipofika, mtaalamu mmoja, mama mtu mzima, alichota zile pilipili akanusa.

"Hizi ziliharibikaje?"

Hatibu huona haya mbele za watu. Lakini siku hiyo aliongea mpaka chai ikapoa.

"Unyevu haukupata pa kutokea. Nataka kujaribu feni ndogo ya sola. Kama itatosha, bado sijui."

"Haya," mama yule akasema, "tueleze utajuaje."

Ruzuku ikapatikana. Walinunua feni na vifaa vya majaribio tu. Katika taarifa zao waliandika yote, hata yaliyoshindikana.

Masika yaliyofuata, mvua ikipiga bati, Pili alitikisa sinia la pilipili. Zikalia kama changarawe.

Wakulima huja kuona mpaka leo. Pili bado hufagia uwanja mapema. Ila makaushio mabovu huyapangusa vumbi kwanza, ndipo atoe viti.