Gari la Mkwe Wangu Lagoma Kilimani

Kila Alhamisi tunafuata samaki aina ya migebuka Karema, ziwani, tuje kuuza Mpanda mjini. Dereva ni Bashiru, mkwe wangu. Binti yangu Zubeda anakaa mbele naye. Mimi nakaa nyuma na ndoo za samaki waliofunikwa barafu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega. Hata akitaka kuniambia jambo, analipitisha kwa mke wake.

Siku hiyo, kwenye kilima kabla ya Kasekese, injini ilinguruma lakini gari halikwenda.

"Zubeda," akasema Bashiru, "mwambie mama ashuke kidogo, apunge upepo."

"Mwambie mumeo upepo nimeshaupata dirishani," nikajibu. "Aseme tu mimi ni mzito."

Nikashuka. Gari likabaki palepale. Barafu ikayeyuka. Vijana waliokuwa wakipita wakatusukuma hadi juu, tukateremka taratibu mpaka kwa fundi Aneth, Kasekese. Samaki tukawauza hapohapo kwa bei ya kutupa. Safari nyingine kama ile, biashara imekufa.

"Gia hazishiki. Niongezee oili ya injini kwenye gia boksi," Bashiru akamwambia fundi. "Oili si oili?"

"Usithubutu, kaka! Gia boksi ya otomatiki ina oili yake."

Gari lilikuwa mahali tambarare, injini ya moto, inaunguruma. Aneth akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakichovya tena. Kikatoka cheusi, kinanuka kuungua.

"Uliibadilisha lini?"

"Kumbe inabadilishwa?"

"Yeye alidhani kinachobadilishwa ni mama mkwe," nikasema.

Aneth akacheka mpaka akashika boneti. Akazima injini. Akamwaga oili chafu kwenye beseni, akaipima, akasafisha chujio. Akatia mpya, nyekundu kama juisi ya rozela.

"Aina ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari," akasema. "Kiasi ni kilekile kilichotoka. Isizidi, isipungue."

Akawasha, akapitisha gia moja moja, akapima tena.

"Una bahati, gia hazijasagika. Ungechelewa, oili mpya isingesaidia. Gari likianza kusita kuondoka, njoo mapema."

"Na hii chafu niimwage wapi?"

"Si chini! Itaingia kwenye maji ya kisima. Niachie, nina pipa lake."

Alhamisi iliyofuata tulipakia ndoo mbili zaidi, na mimi juu yake. Gari likapanda kilima bila kusita. Mpanda tulifika na barafu yetu, wateja wakagombania. Kabla ya adhuhuri ndoo zilikuwa tupu.

Bashiru akawazungukia madereva wenzake pale sokoni, akiwaeleza habari za oili ya gia boksi kama vile aliivumbua yeye. Tukamwacha. Kusema kweli, anaeleza vizuri.