Changu Hali Kidari cha Mbuzi

Asubuhi kule Uru, milimani juu ya Moshi, huanza na ng'ombe. Tito alikuwa anakata majani ya migomba ya kulisha ng'ombe wake wawili. Mkewe Ruth alikuwa barazani anamnywesha uji baba mkwe wake, Mzee Filemon. Masika iliyopita Mzee alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi tena. Maneno yake nayo yamekuwa machache, tena ya kutafuta.

"Tanga," Mzee alisema.

Ruth alishusha kijiko, akamgeukia mumewe. "Baba Davis, umemsikia baba?"

Tito aliendelea kukata majani. Alisikia vizuri sana, ila alijifanya kiziwi.

Mzee Filemon alifanya kazi bandarini Tanga toka ujana wake hadi akastaafu. Huko alijifunza kuvua samaki kwa mshipi na ndoano. Wenzake walimwita Mangi, yaani chifu wa Wachaga, wakamcheka. Mtu wa milimani, bahari ataijulia wapi? Alipoanza kuwashinda, wakaacha kucheka. Ah, siku zile! Jumapili mkewe Dominika, Mungu amrehemu, alipika machalari, ndizi zetu hizi hizi, lakini badala ya nyama alitia samaki. Harufu ikitoka tu, majirani walikuja na sahani zao. Hakuna aliyealikwa na hakuna aliyefukuzwa.

Wenzake wale wa kuvua walikuwa timu moja, na hadi leo hukutana Tanga kila mwezi wa kumi. Wanafanya mashindano ya kuvua kwa mshipi. Wazee hukaa ufukweni wakipiga soga, na watoto wao huingia baharini. Lakini wana sharti lao. Familia ikikosa samaki wa kupimwa miaka miwili mfululizo, nafasi yake inapewa wengine. Mwaka jana Tito alirudi mikono mitupu. Akikosa tena, baba yake hatakuwa na timu. Na safari ile ndiyo furaha pekee iliyombakia Mzee.

"Hodi wenyewe!" sauti iliita getini.

Alikuwa jirani yao Gladys. Gladys alizaliwa Tanga. Marehemu baba yake alivua pamoja na Mzee Filemon. Siku hizi anauza samaki soko la Mbuyuni, mjini Moshi. Ana mdomo huyo, lakini moyo wake ni mzuri.

"Shikamoo, baba."

"Mara... haba."

"Mwezi wa kumi huo unakuja, Baba Davis," Gladys alisema. "Mwaka huu utatuletea samaki, au utatuletea tena habari za mawimbi?"

Tito aliinamisha kichwa. "Mawimbi hayakuwepo, dada. Bahari ilitulia kabisa. Nilimdanganya baba. Wenzangu walivuta samaki mpaka nikaona haya. Mimi chambo changu kililiwa, ndoano ikarudi tupu."

"Chambo gani?"

"Nyama ya mbuzi."

"Mbuzi?"

"Kidari. Tulichinja kwa ajili ya safari. Baba aliniambia, 'Mpe samaki kitu kizuri anachopenda.' Sasa kwetu hapa kuna kitu kizuri kuliko kidari? Hapewi kila mtu!"

"Ee Ruwa, Mungu wangu!" Gladys alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Mmemkaribisha samaki changu kama mkwe! Na ndoano je?"

Tito alikwenda ndani akaitoa. Ilikuwa kubwa, kama ile ya kuning'inizia nyama buchani. "Nilitaka samaki mkubwa," alisema kwa sauti ndogo.

Hapo Mzee Filemon akainua mkono wake wa kushoto. Akamnyooshea Tito kidole. Midomo yake ilihangaika.

"Anachopenda... yeye," alisema. "Si... wewe."

Tito aliona uchungu sana. Mwaka jana baba yake alikuwa na maneno yote, na yeye hakuuliza. Aliona mtu mzima haulizi mambo ya ndoano. Leo baba anajua kila kitu, ila hawezi kukisema.

"Nifundishe, dada," Tito alisema. "Nifundishe tafadhali."

Kesho yake walianzia duka la vifaa mjini.

"Naomba ndoano namba ishirini," Tito alimwambia muuzaji. "Nataka za wastani, si zile kubwa sana."

Muuzaji akampa. Zilikuwa ndogo kama kipini cha puani. Tito alizikodolea macho.

"Hizi si viatu, Baba Davis," Gladys alisema. "Kwenye ndoano hizi, namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo. Namba tano ni kubwa kuliko namba kumi. Tena viwanda havifanani. Usiamini namba peke yake, angalia ndoano yenyewe. Chukua saizi tatu."

"Nitajuaje saizi ipi?"

"Twende sokoni ukawaulize wenyewe."

Mezani kwake Mbuyuni, Gladys alipanga samaki waliotoka Tanga kwenye barafu. Alimpanua mmoja mdomo. "Huyu ni chewa. Tia kidole."

"Ngumi nzima inaingia!"

"Basi huyo ndoano kubwa inamfaa. Humeza samaki mdogo mzima mzima. Sasa huyu ni tasi."

Kidole cha Tito kiligota. "Mdomo huu mdogo hivi?"

"Ndiyo. Yeye anadonoadonoa majani ya baharini. Ndoano ndogo kabisa, na donge la unga wa ngano uliokandwa. Na huyu ni changu. Mdomo wa kati, ndoano ya kati."

Kisha alichukua kisu akampasua changu tumbo. Ndani mlikuwa na vipande vya kaa na vya kamba wadogo wa baharini. "Umeona alichokula? Hapo mbuzi yuko wapi?"

"Hayupo," Tito alicheka.

"Basi mpe kamba au kipande cha ngisi. Kiwe kibichi, ukiweke kwenye barafu. Kikioza kinalegea na kuchomoka. Kikate chembamba kilingane na ndoano, na ncha ya ndoano ichungulie nje. Ncha ikizama ndani ya chambo, samaki atakula bure. Na ndoano ikirudi tupu mara kwa mara, ujue walio chini wana midomo midogo. Usiwalaumu. Shuka saizi."

Siku ya mashindano Tanga, Mzee Filemon aliketi ufukweni na wenzake. Walimsimulia mambo ya zamani, naye akatikisa kichwa na kutabasamu. Palipohitajika jina la mtu aliyefariki, walilitaja wao, yeye akafumba macho.

Baharini mambo yalikuwa magumu. Tito alishusha ndoano ya kati na ngisi. Ikarudi tupu. Akashusha tena. Tupu. Jirani yake kwenye mashua alikwisha vuta changu wawili. Jasho likamtoka Tito. Mkono wake ukaenda kwenye ndoano kubwa, kwa tamaa tu. Akausimamisha.

"Shuka saizi," alijiambia.

Alifunga ndoano ndogo zaidi. Akakata ngisi mwembamba, akaacha ncha ichungulie. Mshipi ulitikisika. Alivuta changu! Lakini alikuwa mdogo, hakufikia kipimo. Sharti ni kumrudisha ili akue. Tito alimtazama. Labda ndiye samaki wake pekee mwaka huu. Akamtoa ndoano taratibu, akamwachia majini.

"Nenda, baba," alisema. "Nitumie kaka yako."

Muda ulikuwa umebaki kidogo. Akaweka chambo kipya. Mara mshipi ukavutwa kwa nguvu, ukamkata kidole. Tito alipiga kelele hata wote mashuani wakamgeukia, akamvuta changu mkubwa.

Ufukweni samaki alipimwa, akakubaliwa. Kiongozi wa timu, Mzee Mbaruku, alimwinamia rafiki yake. "Mangi, nafasi yako ipo. Mwakani tunakungoja."

Tito alipiga magoti, akamwekea baba yake changu mapajani. Mzee alimshika kwa mkono wa kushoto. Akaingiza kidole gumba mdomoni mwa samaki, akaipapasa ndoano iliyokuwa bado mle. Aliipapasa kwa muda mrefu.

"Sawa... sawa," alisema.

Kabla ya kupanda basi la Moshi, Tito alileta maji na sabuni ili amnawishe. Mzee Filemon aliuficha mkono wake nyuma ya mgongo.

"Acha," alisema.

Tito hakuelewa. "Baba, unanuka samaki."

"Acha," Mzee alirudia, na machozi yalikuwa yanamlenga.

Tito akayamwaga maji. Basi lilipofika Same, Mzee Filemon alikuwa amelala usingizi mzito, mkono ule ameulaza shavuni, karibu na pua.