Aliyesingiziwa Wodi ya Njiti

Saa nne asubuhi harufu ya spiriti ilitanda juu ya mashine ya joto namba tatu, ilhali chupa zote za spiriti zilikuwa zimefungiwa kabatini tangu juzi.

"Nani kafungua kabati?" aliuliza muuguzi mkongwe, waliyemwita Bi Pamba.

Muuguzi mdogo aliapa kwamba kabla ya sindano alimsafisha mtoto kwa dawa ya kuua vijidudu isiyo na spiriti, tone moja tu, kisha akaifuta kwa maji safi. Ngozi ya njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake, ni laini mno. Dawa kali ikituama chini ya mgongo, inaunguza. Huyu alikuwa na gramu mia nane. Mama yake, aliyekwisha kuzika mtoto mmoja, alikaa pembeni haogopi kitu ila kupepesa macho.

Wakamgeuza. Mgongoni palikuwa na alama nyekundu za vidole vitano virefu, na cha sita kilikuwa kinajichora.

Bi Pamba alijua. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilichukua miaka ishirini. Siku hiyo ya zamani aliwahi chai, akamimina spiriti bila kipimo, mtoto akalala ndani yake mpaka akaungua akafa, na mama alipouliza, akamjibu kwamba ni jini.

Taa zikafifia, harufu ikapanda mpaka machozi yakawachuruzika, mashine ikaanza kupiga kelele kwamba mapigo ya moyo wa mtoto yanapungua, na katikati ya kelele hizo sauti ikasema, taratibu, sikioni kwa kila mmoja: "Ulinisingizia. Nimekuja kuifanya kazi uliyonipa."

"Sista," mama alinong'ona, "mwanangu ana nini?"

Neno moja lingetosha: jini. Na safari hii lingekuwa kweli.

"Binti yangu," Bi Pamba alisema, "zamani nilimuunguza mtoto wa mwenzako kwa mikono hii. Hakukuwa na jini. Nilikuwa mimi."

Kidole cha sita kikakoma. Mashine ikatulia. Mtoto akalia, kilio chembamba, na mama akalia naye.

"Haya," sauti ilisema. "Na wengine walionisingizia?"

Daktari, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na mafaili, alisimama mlangoni. Hakuna aliyemtazama. Alianza kuyaficha mafaili nyuma ya mgongo kabla hajaitwa.