Dau la Mabao Mawili

Nicanor alikuwa Mkenya aliyeishi Malukhu, mjini Mbale, pamoja na mkewe Orpah. Kila alfajiri alipakia vitunguu kwenye baiskeli akaenda kuviuza sokoni Nakaloke. Alikuwa mtu wa bidii, ila mdomo wake ulikuwa na bidii kuliko miguu. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, mdomo wa namna hiyo ulimtia Orpah hofu.

"Baba Joash, ongea polepole," alimwambia. "Watu wanasikiliza."

Jumamosi moja timu ya Jinja ilikuja kucheza Mbale. Nicanor aliweka dau na wenzake wa sokoni. Hakuridhika kusema Jinja watashinda tu. Alisema watashinda kwa tofauti ya mabao mawili, akaweka baiskeli yake. Sajenti Otim, mkuu wa kizuizi cha barabara ya kwenda Jinja, alisikia, naye akaweka saa yake upande huohuo wa Jinja.

Zilipobaki dakika kumi, Jinja waliongoza mbili bila. Nicanor alicheka hadi jino la mwisho likaonekana. Mara kocha wa Jinja, Mzee Mugweri, akamtoa Cleophas, mshambuliaji wake hodari, akaingiza beki. Timu nzima ikarudi nyuma kulinda goli. Mbale wakashambulia, wakashambulia, na dakika ya mwisho wakapata bao. Mbili moja. Jinja walishinda mechi, Nicanor akapoteza dau.

"Kocha ameuza mechi!" alipiga kelele. "Amehongwa huyo!"

Watu waliomzunguka wakasogea kando. Sajenti Otim alikuwa amesimama nyuma yake.

"Wewe nasema kocha nakula pesa?" aliuliza Otim kwa Kiswahili chake cha kambini. "Sawa. Lori yao napita kwangu. Ile kocha atashuka pale. Hapana fika Jinja."

Akaondoka. Waliowahi kushushwa pale hawakuonekana tena.

Alimkimbilia jirani yake Geresom, aliyekuwa akiwakanda misuli wachezaji wa timu zote mbili siku ile. "Geresom, nimemuua mtu kwa mdomo wangu!" Akamweleza yote.

"Hongo gani?" alisema Geresom. "Goti la Cleophas limevimba, nimelishika mwenyewe. Na Jumatano wana mechi ya kombe. Kocha anaongoza mbili bila, dakika kumi zimebaki, bao la tatu la nini? Analinda ushindi, anapumzisha wachezaji. Ashinde mbili moja au tano bila, pointi ni zilezile."

"Lakini dau langu?"

"Dau lako yeye analijua? Uliweka baiskeli yako kwenye uamuzi wa mtu ambaye hafikirii baiskeli yako hata kidogo. Mimi nimekaa na makocha miaka kumi, na bado siwezi kujua mwishoni watamtoa nani. Utajua wewe wa vitunguu?"

Nicanor akainama. "Sasa nifanye nini?"

"Tukamwambie Afande ukweli. Upesi."

Walipofika kizuizini, lori lilikuwa limesimamishwa. Mzee Mugweri alikuwa chini, amevuliwa viatu, mikono kichwani.

"Afande," Nicanor alisema. "Nilisema uongo. Sikuona pesa, sikusikia lolote. Nilipoteza baiskeli, nikatafuta wa kumlaumu."

Otim akamgeuzia bunduki. "Kumbe wewe nacheza na mimi?"

Nicanor alifumba macho. Alimsikia Geresom akiomba, kwa heshima nyingi, Cleophas ateremshwe. Wenzake wakamshusha wakimshikilia. Geresom akaikunja bukta ya Cleophas kidogo, akaeleza tena habari ya goti, ya kombe na ya pointi. Otim alilitazama lile goti muda mrefu.

"Jumatano nacheza?" alimuuliza Cleophas.

"Nikipumzika, Afande," Cleophas alinong'ona.

"Panda. Kocha, panda."

Mzee Mugweri hakungoja hata viatu. Lori lilipoondoka, Otim alimpiga Nicanor kofi likamwangusha. "Hiyo ya saa yangu. Toka!"

Baiskeli ilichukuliwa na wenzake walioshinda dau. Miezi mitano Nicanor alibeba vitunguu kichwani hadi Nakaloke. Hakuweka dau tena, hata la soda. Kila Jumamosi Orpah aliweka akiba kile ambacho zamani kingeliwa na dau, na mwezi wa sita wakanunua baiskeli nyingine.

Timu ya Jinja iliporudi Mbale, Nicanor alimwendea Mzee Mugweri kumwomba msamaha.

"Nilikusamehe palepale, kwa sababu ulirudi," alisema mzee. "Lakini nikwambie kitu. Tangu siku ile, kabla sijamtoa mchezaji, sitazami kwanza goti lake. Natazama kwanza wenye bunduki wamekaa wapi."

Nicanor alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.