Diski Iliyorudi Tupu

Kufuli lilikuwa zima, dirisha zima, na redio ya dukani ilikuwa bado juu ya rafu. Kilichoibwa ni diski moja tu, iliyofunguliwa kwa utaratibu ndani ya kompyuta, pamoja na mkanda wenye nakala ya yaliyomo, uliokuwa kando yake.

Inspekta Bakili alikuna kidevu. Vibaka wa Kariakoo alishawakamata wengi, lakini hajapata kumwona hata mmoja anayeiba kisha akarudisha skrubu mahali pake.

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwetu watatu, afande," alijibu Ghanshyam, mwenye duka hilo la kompyuta. "Mimi, mshirika wangu Pantaleo, na fundi wetu, Theophil."

"Ndani ya diski kuna nini?"

Pantaleo ndiye aliyejibu. Ni programu ya kufuatilia makontena, kwa ajili ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Tangu serikali ifungue milango ya biashara ya nje, mizigo ilikuwa inamiminika na mawakala wamezama kwenye makaratasi. Programu hiyo ilikuwa imekula miaka mitatu ya maisha yake. Jumatatu walitakiwa kuionyesha kwa kampuni moja ya mtaa wa Posta, na kampuni ikiridhika, wamepata kazi. Bila diski, hawana kitu.

Alasiri hiyo hiyo Theophil aliingia kituoni akihema, mfuko wa rambo mkononi.

"Shikamoo afande. Nimeikuta kwa wauza vyuma chakavu, Mchikichini!"

Pantaleo, aliyekuwa hapo akiandikisha maelezo, alimkumbatia mpaka miguu ya mwenzake ikaacha sakafu. Walitoka Masasi pamoja hawa, wakakaa dawati moja, na walipofika Dar wakalala kitanda kimoja. Bakili, ambaye si mtu wa kulainika ovyo, alijikuta anatabasamu.

Alimwacha Theophil kituoni aandikishe maelezo, akachukua diski na kuongozana na Pantaleo dukani. Pantaleo aliirudisha diski ndani ya kompyuta, akatoa mfukoni flopi, ile diski ndogo ya kuchomeka, akaiingiza na kuwasha. Maandishi yakapita. Pantaleo akayasoma mara mbili.

"Tupu. Wameifuta yote." Akakodolea mstari mmoja kwenye skrini. "Na namba hii si yangu."

"Namba gani?"

Pantaleo alichungulia upande wa mbele. Ghanshyam alikuwa anahudumia mteja. Akashusha sauti.

"Afande, diski imegawanywa vipande vya saizi moja, tunaviita bloki. Mashine ikiwaka, kiini cha mfumo endeshi, ambacho ndicho bwana mkubwa humo ndani, kinaiuliza diski: bloki zako zina ukubwa gani? Kama hakikijui kipimo hicho, hakigusi kitu."

"Kama mwenye duka aliyezoea kilo, wewe umletee mchele wa pishi."

"Huyu hata mlango hakufungulii. Diski zote hapa ni za bloki za baiti 512. Hii niliipanga upya kwa 1024, na kiini kinachoielewa nimekiweka kwenye flopi hii peke yake. Sikumwambia mtu."

"Na sasa?"

"Sasa inasema 512. Aliyeiba ameipanga upya. Na kuipanga upya ni kuifuta."

"Muuza vyuma anaweza?"

"Muuza vyuma anajua nyundo, afande."

"Kwa nini ulifanya siri?"

Pantaleo alitazama ukuta. "Tahadhari tu."

Jibu hilo Bakili hakulipenda, ila aliliweka akiba.

Kituoni aliwaketisha washirika wawili kwenye benchi la nyuma na kuwaonya wasifungue midomo. Theophil akakaa mbele ya meza.

"Ulipoikuta diski, uliijaribu?"

"Hapana. Nimeileta moja kwa moja."

"Hukuiunganisha na mashine yoyote?"

"Hata kidogo."

"Basi nina habari njema. Hamjapoteza kitu. Pantaleo aliwategea wezi. Diski ile ilikuwa tupu tangu wiki iliyopita."

Ulikuwa uongo wa kazini, na Bakili aliutoa bila kupepesa jicho.

"Haiwezekani," Theophil alisema.

"Tupu kabisa."

"Afande, mtu gani atasumbuka kupanga diski tupu kwa bloki za 1024?"

Bakili aliweka kalamu mezani.

"Umezijuaje bloki zake," Bakili aliuliza polepole, "nawe hukuiunganisha?"

Bakili akamwonya kwamba ana haki ya kunyamaza. Theophil hakunyamaza.

"Niliipeleka nyumbani. Kuna kompyuta ya mteja naitengeneza. Kiini kikaikataa, kikaandika kabisa, 1024. Ningeweza kuifungua, afande! Kukifundisha kiini kipimo kipya naweza. Nusu ya programu ile nimeiandika mimi."

"Mbona hukuifungua?"

Theophil aligeuka, akamtazama Pantaleo.

"Kibao cha duka mkaandika majina mawili, nikanyamaza. Nikasema nitawaonyesha wale wa Posta mwenyewe, wajue na mimi nipo. Halafu nakuta umefunga. Dukani, nani mwingine angeweza hata kujaribu kuisoma? Ni mimi tu! Ulinifungia mimi, Pantaleo, niliyelala na wewe njaa. Nikaifuta, kisha nikairudisha ili nisishukiwe. Mkanda nimeutupa baharini, Kivukoni."

"Sikukufungia wewe," Pantaleo alisema, machozi yakimtoka.

"Ulimfungia nani?" Bakili aliuliza. Lile jibu aliloliweka akiba lilikuwa limepata wakati wake.

Pantaleo hakuinua uso. "Nilisikia Utsav anakuja kutoka Nairobi. Mdogo wake Ghanshyam, naye ni mtaalamu wa kompyuta. Nikaona Jumatatu ikipita wataichukua programu, mimi wanitupe nje."

Ghanshyam alisimama. Miaka mitatu mkewe, Ila, alikuwa anapakia vyakula viwili vya mchana, kimoja cha mumewe na kimoja cha Pantaleo.

"Utsav anakuja kuoa," Ghanshyam alisema. "Kadi yako iko nyumbani. Mke wangu Ila alitaka akupe mwenyewe."

Akanyoosha mkono. Pantaleo alidhani anataka kushikwa mkono, akanyoosha wake.

"Ufunguo," Ghanshyam alisema.

Pantaleo akautoa. Ghanshyam akautia mfukoni, akatoka bila kuaga.

Bakili alimfunga Theophil pingu na kumwongoza mahabusu. Kesi ilikuwa imekwisha siku ile ile, na bado moyo wake ulikuwa mzito. Aliporudi alimkuta Pantaleo palepale kwenye benchi, ameshika flopi yake, akaketi kando yake.