Mama Mdogo Alipokwenda Kinyume

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani, na mambo ya mizimu hana muda nayo. Ukimletea habari za wachawi atakuuliza kwanza kama umekuja kumchosha masikio au umeleta nguo ya kushona. Kwa hiyo msidhani haya yametoka kwa mtu wa kutia chumvi.

Mumewe alikuwa tarishi. Maisha yake yote alipeleka barua kwa miguu, na alipostaafu miguu ikakataa kukaa. Alikuwa akiizunguka meza ya cherehani kutwa, mpaka mkewe akamwambia, "Utanitobolea sakafu wewe, nenda katembee huko." Ndipo alipoamua kwenda kwenye Mzunguko. Hizo ni njia nne za zamani za watembea kwa miguu, ya msitu, ya ziwa, ya mgongo wa milima na ya reli iliyokufa, zilizounganishwa zikawa duara moja kubwa. Unaanzia kwenye nguzo nyuma ya kituo cha mafuta, unatembea miezi, unarudi pale pale.

Baba mdogo hakurudi. Ukungu ulimfunika milimani, na waliomtafuta waliona kofia yake tu, ukingoni mwa genge. Tukaomboleza bila maiti. Watu walitupa pole wakaondoka, mama mdogo akabaki ameshika tama mbele ya cherehani yake.

Asubuhi moja nilimkuta anashona begi la turubai. Ndani alikuwa amepanga nguo za mumewe, za kubadilisha, hata koti zito la baridi.

"Naenda kumchukua," aliniambia.

"Mama mdogo, yule ametangulia."

"Ametangulia wapi? Ile njia ni duara. Mimi nakwenda kinyume, na anayekwenda kinyume lazima akutane na mwenzake, hata mtoto anajua." Akakata uzi kwa meno. "Mimi ndiye niliyemwambia aende, mwanangu. Nataka nimwone uso, japo mara moja."

Nilimpeleka na pikapu yangu mpaka mwanzo wa njia. Begi lilimyumbisha, lakini aliondoka bila kutazama nyuma.

Kila alipopata mtandao alinipigia. Watembeaji wa Mzunguko wana desturi yao: wakipishana, kila mmoja humwambia mwenzake anachokwenda kukuta mbele, maji yako wapi, daraja gani limevunjika, nani anakuja. Simu ya kwanza alikuwa na furaha ambayo sikuipenda.

"Walimu wawili wamemwona. Mzee mrefu, kichwa wazi, anachechemea. Wamemwacha nyuma mwendo wa siku moja."

Najua huzuni inavyomfanya mtu asikie anachokitaka.

Simu ya pili, nesi mmoja alikuwa amemwacha asubuhi ile ile kwenye chemchemi, anakunywa maji. "Nimefika hapo," mama mdogo alisema. "Hakuna mtu. Ila jiwe la kukalia limelowa."

"Na begi, halikuumizi?" Nilitaka tu kubadili mazungumzo.

"Jepesi. Tangu hapa kwenye chemchemi limekuwa jepesi."

Ya tatu alinong'ona. Alikuwa msituni, mchana kweupe.

"Nimepishana na mkata kuni. Amenisalimu. Halafu akasalimu tena."

"Akamsalimu nani?"

"Hapa. Nyuma ya bega langu."

"Umegeuka?"

"Nimegeuka. Sijaona kitu."

Baada ya hapo kila aliyepishana naye alisalimu mara mbili. Akawa anageuka. Aligeuka ghafla. Aligeuka polepole. Alitembea kinyumenyume mpaka akaanguka. Aliinua kioo chake kidogo. Uso wake. Miti. Basi. Dunia nzima ilikuwa inamwona mumewe isipokuwa yeye, na alinililia kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Siku aliyomaliza nilikwenda kumsubiri kwenye nguzo. Jua lilikuwa la utosi, magari yanajaza mafuta kama kawaida. Nikamwona anatoka kwenye miti, amekonda. Nikainua mkono. Mkono ukabaki hewani.

Walikuwa wawili.

Baba mdogo alikuwa nyuma yake, karibu kabisa. Nguo zilimchuruzika maji, na mvua haikuwapo. Uso rangi ya majivu. Mdomo wazi. Hapumui. Mikono yote miwili ilikuwa chini ya begi, imelinyanyua. Kucha hazikuwapo. Vidole vimechunika, kama vya mtu aliyeng'ang'ania jiwe kwa muda mrefu.

Mama mdogo alisimama mbele yangu, akanitazama usoni, akajua.

"Yupo," alinong'ona.

"Yupo."

"Anafanya nini?"

"Amekushikia mzigo."

Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Ana hali gani?"

Magoti ya yule mzee yalikuwa yanatetemeka. "Amechoka, mama mdogo. Amechoka sana."

Alisimama pale muda mrefu, mikono imekamata mikanda ya begi. Nilielewa. Akilitua, mumewe hana cha kushika tena. Safari hii hakugeuka.

"Nilikwambia nenda, ukaenda," alisema taratibu. "Sasa nakwambia pumzika, mume wangu."

Akafungua mikanda. Begi likaanguka kwa kishindo, vumbi likatimka. Lilipotulia, nyuma ya mama mdogo palikuwa na njia tupu.

Begi lile nililipakia kwenye pikapu kwa kusaidiwa na watu wawili. Nilimpeleka kwetu. Mama yangu, dada yake, akachemsha maji ili amkande mabega. Kidogo nikasikia mama ananiita, kwa sauti ya chini, nije nione.

Mabega ya mama mdogo hayakuwa na kitu. Hapakuwa na mchubuko, wala uvimbe, wala sugu ya mkanda. Miezi yote ile.

"Yanakuuma?" mama alimuuliza.

Mama mdogo alijishika bega, akabonyeza, akatafuta kwa vidole kila mahali. "Hayaumi," alisema, akaanza kulia upya. "Afadhali yangeniuma."